Bakuli la Bustani ya Vibwengo, Nakuru: Ligeuze Uone Chini Kabla ya Kulipa

Siku hizi vitalu vya kando ya barabara Nakuru vinauza bustani nzima ndani ya bakuli: kijumba chenye paa la uyoga, daraja, njia ya kokoto nyeupe, kibwengo mwenye mabawa na miche mitano sita iliyobanana. Iliyokaguliwa hapa ni ya ukubwa wa kati. Bakuli ni la saruji, upana sentimita 40 na kina sentimita 12. Ndani mna kijumba cha resini cha sentimita 11, vipande vitatu vya uyoga wa resini, kibwengo mmoja wa sentimita 6, daraja la vijiti, ekeveria mbili (zile zenye majani manene yanayohifadhi maji), fitonia moja (mche mfupi wa majani yenye mishipa ya rangi), mche wa spaida ya mapambo na kipande cha kuvumwani, ule ujani laini unaoota kwenye kuta zenye unyevu. Bei ya kwanza ilikuwa shilingi 3,200, ikashuka hadi 2,700 bila ubishi mwingi.

Kwa macho inapendeza. Kwa mizizi ni mtego. Inunue tu ikiwa uko tayari kuifumua na kuipanga upya jioni hiyo hiyo, maana vitu vinavyostahili hela yako humo ni viwili: bakuli lenyewe na zile ekeveria.

Kasoro kubwa huioni ukiwa umesimama. Inamisha bakuli: chini hakuna tundu hata moja. Ukiuliza utaambiwa hakuna shida, kuna kokoto chini za kuchuja maji. Maneno hayo yamezoeleka kiasi kwamba hata wenye bustani kubwa huyaamini, lakini maji hayafuati maneno. Udongo laini huyashika katika vijinafasi vyake, na hayashuki kuingia kwenye kokoto hadi udongo wote ulio juu yake ushibe. Jaribu na sifongo ya kuoshea vyombo: iloweshe, ining'inize hadi iache kudondosha, kisha ilaze juu ya kokoto. Haitatoa tone zaidi. Ndivyo ilivyo ndani ya bakuli. Kokoto za sentimita nne chini hazikaushi chochote. Zinakunyang'anya theluthi ya kina cha udongo na kuisogeza ile sehemu iliyolowa karibu na mizizi. Na kwa kuwa tundu halipo, maji yaliyobaki kati ya kokoto hukaa humo, yanaanza kunuka kama mtaro, na ekeveria inaoza kuanzia shinani. Jani la chini likigeuka la manjano linalopenyeza mwanga na kuteleza ukiligusa, mmea huo unaoza. Wengi hudhani una kiu, wakauongeza maji.

Kutoboa si kazi ngumu ila haitaki haraka. Tumia drili yenye kekee ya saruji, na uzime ule mtindo wa kugonga, kwa sababu bakuli jembamba hupasuka. Lifunike kifudifudi juu ya gunia lililojaa mchanga ili lisicheze. Anza na kekee ya milimita 5, endelea na ya milimita 10, ukidondoshea maji pale unapotoboa. Kwa upana wa sentimita 40, matundu matatu yanatosha, yakae kama mafiga, kila moja likiwa katikati ya kitovu na ukingo. Ukikaribia kupenya, legeza mkono. Ukikandamiza hapo, kipande cha ukubwa wa sarafu hubanduka upande wa pili. Kama huna drili, fundi yeyote wa kuweka vigae anayo. Matundu yazibe kwa kipande cha neti ya mbu iliyochakaa, wala si kwa vigae vilivyovunjika. Bakuli lenyewe liinue sentimita mbili kutoka sakafuni, kwani tundu lililokaa juu ya sakafu bapa ni kama halipo.

Saruji mpya ina jambo jingine. Hutoa chokaa ndani ya maji kwa majuma kadhaa, na udongo unapokuwa na chokaa nyingi mimea kama fitonia na makangaga hushindwa kufyonza madini ya chuma: majani yanakuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani. Ziba matundu kwa muda, jaza bakuli maji, yaache usiku kucha, yamwage, urudie mara tatu au nne. Ekeveria hazijali sana, lakini huwezi kujua leo utataka kupanda nini mwaka ujao.

Udongo uliokuja nao ulikuwa mwekundu mtupu, uliochimbwa tu na kumiminwa. Shambani udongo huo ni mzuri. Ndani ya chombo cha sentimita 12 hushikamana ukawa kama tofali, maji yakapita pembeni na kuiacha mizizi ya katikati mikavu. Wa Kisumu wanaochota ule mweusi wa nyanda za Kano wana balaa lao: ukilowa unavimba na kunata, ukikauka unapasuka na kukata mizizi.

Hapa ndipo Nakuru ina bahati ambayo vitalu vyake havijaitumia. Mawe mepesi ya volkeno, yale yale ya kusugulia nyayo, yanapatikana kwa wingi katika Bonde la Ufa, na mashamba ya maua ya Naivasha hupandia ndani yake. Yana matundu yanayoshika hewa na maji kwa pamoja, hayaozi, na hayalemei bakuli. Yaponde yawe ya ukubwa wa punje ya hindi hadi ya dengu, uyachekeche kutoa vumbi, kwa sababu vumbi ndilo linaloziba. Kipimo kwa bakuli hili, tukitumia gorogoro ya sokoni, ni hiki: kwa ekeveria na wenzake, gorogoro moja na nusu ya mboji iliyoiva, moja na nusu ya mawe hayo, na moja ya mchanga wa mto wenye chembe kubwa. Kwa makangaga na fitonia, mboji iwe mbili na nusu, mawe moja, mchanga nusu. Mchanga wa ujenzi uoshe hadi maji yatoke safi. Samadi mbichi usiitie hata kidogo. Itachemka na kuunguza mizizi, na harufu yake itawaita nzi wale wadogo weusi wa udongo.

Usijaze hadi ukingoni. Acha sentimita mbili ili maji yasifurike na kuangusha kijumba. Udongo huu wenye unyevu pamoja na bakuli la saruji hupita kilo 20 kwa urahisi, kwa hivyo lipange pale litakapokaa. Kile kimeza cha plastiki cha verandani hakifai.

Mimea yenyewe ilichaguliwa kwa rangi tu. Ekeveria hutaka jua la saa tano au zaidi kwa siku na udongo ukauke kabisa kabla ya kunyweshwa tena. Fitonia hutaka kivuli na unyevu usiokatika. Ikikosa maji nusu siku inalala chali. Kuziweka bakuli moja ni kumlaza ngamia na kiboko kitanda kimoja. Kwa vyovyote utakavyomwagilia, mmoja atakufa, na kwa bakuli lisilo na tundu anayekufa ni yule wa gharama kubwa. Chagua upande mmoja.

Kwa Nakuru yenye usiku wa baridi, hasa Juni hadi Agosti, upande mkavu una uhai mrefu: ekeveria, sedumu ya kutambaa kwa nyasi, hawothia mahali penye kivuli kidogo, na potulakaria kwa mti. Hiyo potulakaria ina majani madogo ya mviringo na shina linalokomaa likawa kama la mti mzee. Katika bakuli hakuna kinachodanganya jicho vizuri kama hiyo. Kisumu, palipo na joto na unyevu wa ziwa, upande wa kivuli unastawi zaidi: selaginela kwa zulia, pilea ya majani madogo, fitonia, na kufea iliyokatwakatwa kuwa kichaka. Pilea hiyo nyingi ni magugu yanayojiotea kwenye nyufa za saruji na chini ya matangi ya maji, kwa hivyo usikubali kuuziwa.

Sheria ya mti wa bustani ndogo ni jani dogo. Mche wa majani makubwa, hata uwe mfupi namna gani, hugeuza kijumba kuwa kichezeo kilichosahauliwa chini ya kabichi. Spaida iliyokuja katika bakuli hili ina kosa hilo, na la pili juu yake. (Magharibi mwa Kenya jina hilo ni la mboga, saga au dek, hii ya vitalu ni ile nyasi pana yenye mistari myeupe inayoning'iniza vitoto, na haipikwi.) Jani lake moja lina urefu mara mbili ya nyumba. Kisha inadhurika kwa floraidi, na maji ya visima vingi vya Nakuru yamejaa floraidi, hiyo hiyo inayopaka meno rangi ya kahawia. Ncha za majani hukauka na kuwa kahawia, watu wakazidi kumwagilia wakidhani ni kiu, na kumbe kila kikombe kinaongeza sumu. Kuchemsha maji hakuiondoi; hupunguza maji tu, floraidi ikabaki. Kinga maji ya mvua. Iondoe spaida, ipande kwenye mkebe wake.

Kuvumwani kilikuwa kimebandikwa juu kama zulia, bila kugusana na udongo, na katika jua la Nakuru hakimalizi juma la pili kikiwa kijani. Hutaka kivuli, maji yasiyo na chumvi, na kukandamizwa kwenye udongo hadi kishike. Kibandue kidogo kutoka ukutani kwako au chini ya mfereji wa maji ya paa. Usiende kukichuna kwenye miti ya msitu wa Kakamega. Ile mbinu ya kukisaga na mala kisha kupaka mawe imeenea sana mitandaoni, na mara nyingi kinachoota ni ukungu mweupe.

Maelekezo mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu wa Uingereza na Marekani, nao husema weka bustani upande wa kusini wa nyumba. Huko jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Sisi tuko kwenye ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri liko kaskazini yetu, halafu linahamia kusini. Veranda inayotazama kaskazini ina jua Juni na kivuli Desemba. Inayotazama kusini ni kinyume chake. Ndiyo sababu bakuli lililostawi miezi sita hunyauka ghafla bila mtu kuligusa. Upande wa mashariki ndio usiobadilika sana: jua la asubuhi mwaka wote, nalo si kali. Ekeveria iliyokaa kitaluni chini ya neti nyeusi usiitoe moja kwa moja juani. Ipe jua la asubuhi kwa muda wa saa moja siku tatu za kwanza, muda wa saa mbili siku tatu zinazofuata, uongeze hivyo hadi wiki mbili ziishe. La sivyo majani yatapata mabaka ya kahawia ambayo hayafutiki.

Maji, kwa bakuli la ekeveria: choma kijiti cha mishikaki hadi chini, kiache dakika tano, ukichomoe. Kikitoka na udongo umeganda, hakuna kumwagilia. Kikitoka kikavu kabisa, mimina taratibu karibu lita moja hadi yatokee chini. Bakuli la ekeveria kiangazi cha Januari hufika siku saba hadi kumi; la makangaga siku mbili au tatu, kwa nusu lita. Kile kipande cha karatasi kitaluni kilichoandikwa “mwagilia kila siku” kitupe. Ukoko mweupe ukianza kuonekana ukingoni au juu ya kokoto, hizo ni chumvi za maji ya bomba. Mimina lita tatu za maji ya mvua kwa mkupuo mmoja yapite yote.

Mbolea ni adui wa udogo. DAP iliyobaki kwenye mfuko wa mahindi isikaribie hapa: kijiko kimoja cha chai katika udongo mchache namna hii kinaunguza mizizi, na mche ukipona utakimbia juu ukapita paa. Badala yake kata. Wakati wa mvua finya ncha za kufea, pilea na potulakaria kila wiki mbili au tatu, juu tu ya jani, zitoe matawi mawili.

Sasa mapambo, ambako bei yote imejificha. Kijumba kina mlango wa sentimita 4. Kibwengo ana sentimita 6. Hapiti. Uyoga mmoja unamzidi kimo, na hilo linasameheka kwa vibwengo, lakini daraja lenye upana wa sentimita 2 halimpitishi mtu wala kuku. Kinachofanya jicho likubali uongo ni kipimo kimoja. Wenye nyumba za wanasesere hutumia zaidi kimoja kwa kumi na mbili, ambapo mtu wa sentimita 170 huwa kama sentimita 14. Kwa bakuli la sentimita 40 hicho ni kikubwa. Chukua kimoja kwa ishirini na nne: mtu sentimita 7, mlango kama 8 na nusu, benchi la kuketi lisizidi sentimita 2 kwenda juu. Ukishapima, utagundua kijumba cha sentimita 11 ni kibanda cha kuku tu.

Rangi ya resini hufifia upesi kwa jua letu. Kabla ya kupanga, paka vanishi angavu ya nje mikono miwili, ukiacha siku moja katikati, chini pia, maana maji hupandia huko. Daraja liliunganishwa kwa gundi nyeupe ya mbao, ambayo huyeyuka mvua ya pili. Libomoe ulibandike kwa gundi ya kuchanganya sehemu mbili. Kijumba kisikalie udongo mtupu, kitazama upande mmoja. Kiweke juu ya kipande cha kigae, na vitu virefu uvitie nanga kwa spoki ya baiskeli ya sentimita 10, ambayo haishiki kutu upesi kama waya wa kufungia nondo.

Kokoto nyeupe zidondoshee siki. Zikitoa mapovu, ni za chokaa. Zinafaa ekeveria, hazifai makangaga. Za rangi ya buluu au waridi zitie kwenye kikombe cheupe cha maji moto usiku mmoja. Zikiyapaka maji rangi, zitapaka na udongo.

Kuna bakuli kubwa zaidi kitaluni lenye kidimbwi cha maji halisi. Kwa Kisumu, na ukanda wote wa ziwa, mazalio ya mbu hayahitaji zaidi ya hapo. Kiluwiluwi huwa mbu mwenye mabawa ndani ya siku saba hadi kumi na nne hivi, kwa hiyo ama umwage na kusugua kila siku tatu, ama uweke kipande cha kioo juu ya mchanga wa buluu. Kioo kinapendeza zaidi.

Kuhusu kibwengo mwenyewe, jina lina uzito. Kibwengo wa hadithi za pwani si binti mwenye mabawa ya kipepeo. Ni kiumbe wa kutishia watoto, na si kila nyanya atafurahi kumkuta verandani. Afadhali boma dogo: nyumba ya duara ya udongo yenye paa la nyasi, ghala, ng'ombe wawili, mtumbwi ukingoni mwa kile kioo. Wachongaji wa mawe ya sabuni ya Kisii, yanayochimbwa Tabaka, hutengeneza wanyama wadogo wanaotosha kabisa kipimo cha bakuli. Jiwe ambalo halijapakwa rangi halina cha kufifia. Ni laini, hukwaruzika na kuvunjika likianguka, lakini kwa mvua na jua linaishinda resini mbali sana.

Yale maboksi ya kuagiza mtandaoni, yenye mbegu na mwanasesere, hatuyapendekezi. Mbegu zake kwa kawaida ni nyasi za kuota haraka. Wiki tatu na kijiji kimemezwa.

Huduma ya kitalu tunaipa alama ya kati. Wanafikisha kwa bodaboda bakuli likiwa tayari limepangwa, na kila kitu hufika kimeegemea upande mmoja, kokoto zimezama ndani ya ekeveria. Omba mimea ifungwe peke yake kwenye boksi. Ikague pia chini ya majani na kwenye makwapa: vijiuzi vyeupe kama pamba ni vidung'ata, wadudu wanaofyonza utomvu, na sisimizi wakipanda na kushuka ndio wanaowachunga. Vichache hufutwa kwa pamba yenye spiriti. Vikiwa vingi, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo katika lita moja ya maji, unyunyize jioni, usuuze asubuhi. Mmea wenye utomvu mweupe kama maziwa ukataliwe kama nyumbani kuna watoto, na hao wa chini ya miaka mitatu wasiachwe karibu na vipande vya uyoga, vinaingia mdomoni. Kuku nao: dakika kumi za kuparura zinatosha, kwa hiyo bakuli likae juu ya kitu kinachopita kiuno.

Kwa mwenye bajeti ndogo, karai kuukuu linatobolewa kwa msumari, na sinia pana la udongo wa kufinyangwa ni zuri kuliko saruji kwa ekeveria, kwa kuwa hupumua. Lakini kuta zake hunyonya maji, kwa hiyo lilowekwe saa nzima kabla ya kupanda na limwagiliwe siku moja au mbili mapema zaidi. Karai huwaka joto. Liwekee kivuli mchana.

Jumla, tatu kati ya tano: bakuli zuri, ekeveria zenye afya, mengine ya kukarabati. Jambo moja halikuandikwa popote kitaluni lakini ukiuliza utakubaliwa: bakuli tupu na miche miwili ya ekeveria vinauzwa kando, na havikufika hata shilingi 1,500. Chukua hivyo, na mwishoni mwa Februari, kabla mvua za masika hazijashika, uwe umeshatoboa.